Kipima Unyevu Kilicholala kwa Rogasian

Hapa Karagwe, Bweranyange wana historia ya wafalme. Sisi Kiruruma tuna kamati. Kamati ndiyo iliyojenga Nyumba ya Vitu vya Wazee, chumba kimoja cha tofali za saruji, mabati mapya juu, na bango kubwa kuliko mlango. Ikazunguka kwenye koo ikiomba, ikibembeleza, na pale ilipobidi ikitishia kidogo, mpaka ikapata ngoma mbili, mikuki, nguo ya gome la mti, na ebyanzi, vile vyombo vya mti ambavyo wazee walikuwa wakiwekea maziwa. Vitu vilipokwisha kupangwa rafuni, ikabaki kumpata mtu wa kukaa mlangoni. Siku hiyo Rogasian alipita kuulizia mabaki ya saruji. Akaondoka na ufunguo.

Kabla ya hapo Rogasian alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa, na ghala lilimfundisha jambo moja tu, ila alilishika barabara: kitu cha maana hulala unapolala wewe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti la kahawia alilovaa masika na kiangazi, na aliongea kama mtu anayekatwa kodi kwa kila neno. Mkewe, Verdiana, aliongea kwa niaba ya wote wawili na akiba ikabaki.

Verdiana alikuwa wa Songambele, kule Kyerwa. Ekyanzi kimoja pale rafuni kilikuwa cha mama yake. Alikitoa kwa mkopo baada ya Rogasian kupewa ufunguo, kwa hoja kwamba kama ni kulindwa na mume wake, basi bado kiko nyumbani. Kamati ikakibandika kikaratasi: Chombo cha maziwa, cha kale sana.

"Kale sana kitu gani," Verdiana alisema siku ya ufunguzi, mgeni rasmi akisikia. "Hicho nimelelewa nacho. Kama ni cha kale sana, na mimi nibandikeni kikaratasi."

Mgeni rasmi alicheka. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Elipidius, hakucheka. Huyu alikuwa afisa wa serikali zamani. Alistaafu kazi, hotuba hakustaafu.

Kila mwisho wa mwezi Verdiana alikuja na nyasi kavu na kaa la moto kwenye kigae. Alikishusha ekyanzi, akakifukiza ndani mpaka moshi ukajaa ukamwagika mdomoni, kama alivyomwona mama yake akifanya. Wageni walikohoa. Elipidius alimwambia kwamba hapa ni makumbusho, si jikoni. Verdiana akamjibu kwamba chombo kisichofukizwa ni gogo lenye tundu, na kama kamati inataka magogo, msitu upo, iende ikachague. Akaendelea kufukiza.

Mwaka huohuo mwizi alivunja kufuli. Alichukua balbu, viti vya plastiki na pazia. Mkuki ambao kamati ilikuwa ikiapa kwamba una karne mbili aliusogeza pembeni taratibu, akauegemeza ukutani, apate njia ya kupitisha viti. Kamati iliumia sana, wala si kwa ajili ya viti.

Basi mwezi wa nane akaja Daktari Ikram kutoka Dar es Salaam. Huyu hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtafiti wa kuhifadhi vitu vya makumbusho, na kazi yake, kwa jinsi alivyotueleza, ilikuwa kujua vitu vinakufaje. Mti hunywa unyevu wa hewa ukavimba, kisha huutema ukanywea. Kuvimba na kunywea huko ndiko kunakoupasua. Ngozi ya ngoma nayo vilevile. Ukungu hupenda majimaji, wadudu wa mbao hupenda joto. Kumbe kitu cha kale hakiuawi na uzee. Kinauawa na mabadiliko. Hakitaki raha wala shida, kinataka leo ifanane na jana.

"Kama kamati," alisema Verdiana, aliyekuwa amekuja na kigae chake.

Daktari Ikram alikuwa akichunguza vijumba kama chetu, vya mabati, visivyo na mitambo ya kupoza hewa, aone kama vinaweza kutunza vitu au vinavimaliza. Kikionekana kinafaa, vitu vibaki. Kikionekana hakifai, vitu vipelekwe kwenye ghala huko Dar mpaka hapo tutakapojenga vizuri zaidi. Na sisi tunajua "mpaka hapo" ni muda gani. Barabara yetu imeahidiwa lami mpaka hapo.

Jioni ile Verdiana alimwambia mumewe neno moja, na kwa mara ya kwanza lilikuwa moja kweli. "Roga, ekyanzi cha mama kikienda Dar sitakiona tena. Mwenye ufunguo ni wewe."

"Hakiendi," Rogasian akasema.

Sasa kifaa chenyewe. Kilikuwa cheupe, ukubwa wa kiberiti, na kitaa cha kijani kilichokonyeza. Ndani yake kilijiwekea chenyewe kumbukumbu ya joto na unyevu wa mahali kilipo, mchana na usiku. Daktari Ikram alikiweka rafuni kando ya ekyanzi, akamgeukia Rogasian.

"Mzee wangu, hiki nakuachia wewe. Wageni wasikiguse, na kisiachwe peke yake. Kikipotea, utafiti wote umekwenda na maji."

"Kikipotea," Elipidius akaongeza, "utapanda wewe hapo rafuni, Rogasian, utupimie unyevu."

Rogasian akasema sawa. Jioni alifunga mlango, akalitazama lile kufuli ambalo mwizi alikwisha kulijua kwa jina. Akafungua tena, akaingia, akakitia kifaa mfukoni mwa koti. Kisiachwe peke yake, alikuwa ameambiwa. Mtu wa chuo kikuu anaposema hivyo anamaanisha mambo mengine kabisa, yenye maelezo marefu. Mlinzi wa ghala anamaanisha kisiachwe peke yake.

Nyumbani alikiweka kwenye rafu ya sebuleni, juu ya redio, chini ya picha ya Bikira Maria. Verdiana alitoka jikoni, mlango wa pili tu kutoka hapo, akifuata mvuke wa ndizi zake.

"Nani huyu?"

"Mgeni wa daktari."

"Anakula?"

"Hali."

"Mbona anakonyeza?"

"Ndivyo alivyotengenezwa."

"Yaani umeniletea mke mwenza asiyekula, anayekukonyeza mbele ya Mama wa Mungu." Akakigeuza kitaa kikatazama ukuta. "Haya, dada, karibu. Ila kitanda ni kimoja."

Ikawa hivyo. Asubuhi kifaa kilikwenda kazini mfukoni mwa koti, jioni kikarudi. Jumamosi na Jumapili, nyumba ya vitu ikiwa imefungwa, kilishinda nyumbani kikisikiliza redio. Rogasian hakuona cha kumweleza mtu. Mlinzi haelezi kwamba amelinda.

Mwezi wa tatu, masika yakianza, Verdiana alianguka kwenye migomba asubuhi. Mchana alikuwa amekwisha kufariki. Hospitali walisema presha. Rogasian alisikia neno hilo, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayetajiwa kituo cha basi asichoshukia.

Matanga yalijaza nyumba. Ndugu walikuja kutoka Songambele, wengine kutoka Muleba, wakalala sebuleni wamebanana kama samaki kwenye tenga. Moto haukuzimika uani wala jikoni. Rogasian alikaa alipoambiwa akae. Alipewa chai, akanywa. Shangazi mmoja alimwambia alie kidogo, atoe sumu mwilini, naye akasema atajaribu. Elipidius alisoma wasifu wa marehemu ambao nusu yake ulihusu kamati. Rogasian alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

Kisha watu wakaondoka, wakabeba na kelele zao. Kifaa kikabaki rafuni kikikonyeza ukuta.

Hakukirudisha kazini. Si kwamba alisahau. Kila asubuhi alikiona. Ila kunyanyua mkono mpaka kwenye ile rafu ilionekana ni kazi ya mtu mwingine. Alivaa koti, akafunga mlango, akaenda kufungua mlango mwingine. Jioni akafunga ule, akafungua huu. Madirisha ya nyumbani hakuyagusa. Jikoni hakuingia. Wanawake wa jumuiya walimletea chakula wiki za mwanzo. Walipoona vyombo vinarudi na chakula kilekile, wakaanza kumwombea badala yake, maana maombi hayarudishwi.

Alikula mkate. Aliununua kwa Muzamil, mwenye duka la njia panda, jirani yake kabisa. Babu yake Muzamil alitoka Pangani, na ndiyo maana mpaka leo tunamwita mtu wa pwani, ingawa Runyambo, lugha yetu, anaisema vizuri kuliko padri.

"Mzee Roga. Mkate tena?"

"Mkate."

"Nikuwekee na maharage? Mke wangu Naila amepika, yamebaki."

"Mkate tu."

"Hata mfungwa Jumapili anabadilishiwa, mzee wangu."

"Leo Jumapili?"

Muzamil alimtazama, akamfungia mkate kwenye gazeti. Ilikuwa Alhamisi.

Na kule kwenye nyumba ya vitu, hakuna aliyekifukiza ekyanzi. Rogasian alipofuta rafu aliona unga mwembamba wa mti chini yake, kama chenga za unga wa muhogo. Akaufuta. Baada ya siku chache ukarudi. Akaufuta tena. Aliufuta kama mtu anavyofuta meza, bila kuuliza umetoka wapi.

Mwezi wa nane ulipozunguka, simu ilisema Daktari Ikram anakuja. Asubuhi ya siku hiyo ndipo mkono wa Rogasian uliponyanyuka mpaka rafuni. Kifaa kilikuwa na vumbi. Akakifuta kwa mkono wa koti, akakirudisha kando ya ekyanzi, na daktari alipoingia akakikuta palepale alipokiacha mwaka jana, kikimkonyeza.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Habari za siku nyingi? Mama hajambo?"

"Hajambo."

Hakukusudia kusema uongo. Salamu ilikuja na jibu lake, akalitoa.

Mchana kamati ikakaa. Daktari Ikram alitundika shuka jeupe ukutani, akaunganisha kompyuta yake na mashine ya kurushia picha, na kwenye shuka ikatokea mistari miwili, mmoja mwekundu wa joto, mmoja wa buluu wa unyevu. Kamati ikaitazama kwa heshima ambayo huwa tunaiweka kwa vitu tusivyovielewa. Rogasian alikaa nyuma, karibu na mlango, kwa mazoea.

"Nitasema ukweli," daktari alianza. "Miezi ya mwanzo ilinitisha. Angalieni. Mchana joto linapanda, hilo ni bati, nililitegemea. Lakini jioni, nyumba imefungwa, hakuna mtu, unyevu unapanda ghafla. Kila jioni. Kama vile kuna mtu anachemsha sufuria humu ndani."

"Wazee," akasema Elipidius kwa sauti ya chini.

"Wazee gani?"

"Wenye vitu. Jioni wanakuja kukagua. Hilo andika, daktari, litavuta watalii."

Daktari Ikram alisema atalifikiria, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria. Akaendelea. Mwezi wa kumi na mbili palikuwa na siku moja ambayo joto na unyevu viliruka pamoja mpaka akadhani paa limevuja na kuungua kwa wakati mmoja. Halafu mwezi wa tatu, kilima kikubwa kuliko vyote, cha siku kadhaa, hakishuki mchana wala usiku.

"Hapa palikuwa na nini? Mlipata wageni wengi?"

"Wengi sana," akasema Elipidius, ambaye hakukumbuka wageni wowote.

"Na baada ya hapo, ndugu zangu, oneni."

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mistari yote miwili ilinyooka, mmoja juu ya mwingine, ikaenda mpaka mwisho wa shuka kama barabara ya mbugani. Hapakuwa na jioni wala asubuhi. Hata masika hayakuonekana.

"Pakavu, pamepoa, pametulia," daktari alisema, na macho yake yaling'aa. "Makumbusho makubwa wanatumia mitambo ya bei mbaya kupata mstari huu, na hawaupati. Ninyi mmeupata chini ya bati. Mlifanya nini?"

"Kamati ilichukua hatua," Elipidius akasema.

"Hatua zipi?"

"Za makusudi."

Watu wakapiga makofi. Elipidius akasimama ayapokee.

Rogasian hakupiga makofi. Alikuwa akikitazama kile kilima cha mwezi wa tatu. Alikitambua polepole, kama unavyomtambua mtu kwa mgongo. Pale ndipo ndugu walipolala wamebanana. Na vile vilima vidogo vya kila jioni, vilivyomtisha daktari, vilikuwa ndizi na maharage na mvuke uliotoka na mtu akiongea ndani yake. Vyote vilikuwa pale juu ya shuka. Akangoja kuona kama ataumia. Hakuumia. Miguu tu ilikuwa mizito, kama ya mtu aliyekaa vibaya kanisani.

"Kwa hiyo mapendekezo yangu ni mepesi," daktari alisema. "Vitu vibaki hapahapa. Msibadilishe chochote."

Basi. Ekyanzi hakiendi. Rogasian alikuwa amemwambia mkewe hakiendi, na sasa hakikuwa kinakwenda, tena kwa makofi.

Daktari Ikram alivaa glavu, akakishusha ekyanzi awaonyeshe jinsi kilivyonufaika. Alipokiinamisha, unga wa mti ukamwagika kwenye kiganja chake. Akaunusa. Akauchunguza kwa kioo cha kukuzia.

"Ajabu. Huu ni mpya. Kuna wadudu wanakula humu ndani." Akatazama shuka, akatazama kiganja. "Nilikuwa nimekuja na mifuko ya kuwaulia. Lakini kwa hali hii ya hewa wadudu hawawezi kuzaana. Watakuwa wa mwisho mwisho, watakufa wenyewe. Nisikihamishe bure, kisije kikapasuka njiani. Tukiache."

Akakirudisha rafuni.

Sasa hapo mambo yalikuwa wazi hata kwa mtu aliyekuwa hana hamu ya uwazi. Akinyamaza, ekyanzi kitabaki Kiruruma na kuliwa mpaka kiwe unga, naye ataendelea kuufuta. Akisema, kitaondoka. Verdiana alisema kikienda Dar hatakiona tena. Lakini Verdiana hakuwa wa kukiona tena hata hivyo, na hilo Rogasian alikuwa hajawahi kulifikisha mpaka mwisho wa sentensi.

"Daktari," akasema. "Hicho kifaa hakikuwa humu."

"Hakikuwa wapi?"

"Humu. Kilikuwa kwangu."

"Rogasian, kaa chini," akasema Elipidius.

"Nimekaa, mwenyekiti."

Ilikuwa kweli, hakuwa ameinuka. Daktari Ikram alivua glavu moja, kisha ya pili.

"Kwako wapi, mzee?"

"Nyumbani. Kilikuwa kinakuja kazini asubuhi, jioni tunarudi. Ulisema kisiachwe peke yake. Hapa waliwahi kuiba."

Mjumbe mmoja alikohoa kikohozi kilichokuwa kicheko. Elipidius akaanza kusema kwamba kamati haihusiki, kwamba kamati imesikitishwa, kwamba kamati itaunda kamati. Daktari akamnyamazisha kwa kiganja. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa na kazi kwanza. Akaenda kwenye shuka, akaweka kidole juu ya vilima vya jioni.

"Hivi?"

"Verdiana anapika."

Kidole kikaenda mwezi wa kumi na mbili. "Na hii siku?"

"Harusi, Songambele. Mtoto wa dada yake. Nilikuwa nacho mfukoni."

"Kwenye harusi?"

"Mfuko wa koti. Nilicheza kidogo."

Hapo kamati ilicheka waziwazi, hata Elipidius. Hakuna mtu Karagwe nzima aliyewahi kumwona Rogasian akicheza. Kidole cha daktari kikaenda kwenye kilima kikubwa.

"Na huku? Mwenyekiti anasema wageni wengi."

"Walikuwa wengi kweli. Matanga. Verdiana alifariki mwezi wa tatu."

Vicheko vikaisha kimojakimoja. Daktari Ikram aliteremsha mkono. Asubuhi alikuwa ameuliza mama hajambo, akajibiwa hajambo. Alisema pole, na Rogasian akasema ahsante. Kidole kikanyanyuka tena, bila kutaka, kikafuata ule mstari ulionyooka mpaka ukingoni mwa shuka.

"Na hapa, mpaka mwisho?"

"Hapo ni mimi."

 Daktari akaizima mashine ya kurushia picha.

Alasiri ile daktari alifanya upya yote. Kipima kipya alikifunga ukutani kwa skrubu na waya, akakijaribu kwa kukivuta kama mtu anayefunga ng'ombe. Kitapima nyumba yenyewe mpaka mwaka mwingine, ndipo ijulikane kama vitu vinabaki. Ekyanzi alikitia kwenye mfuko mzito wa plastiki pamoja na vipakiti vya unga unaokula hewa, akaufunga mdomo kwa pasi ya moto. Alimweleza Rogasian kwamba ndani ya mfuko ule wadudu watakosa hewa ya kuvuta, watasinzia, hawataamka.

"Hawaumii?"

"Tunadhani hawaumii. Wanapoa tu."

"Ndiyo," akasema Rogasian.

Kitakwenda Dar, daktari atazichunguza nyufa zake, na kama nyumba hii itafaulu kipimo kitarudi. Kama haitafaulu, hakitarudi, na vingine vitakifuata. Hakumficha. Kabla ya kuufunga mfuko alikuwa amemulika ndani ya chombo kwa tochi, akaona utando mweusi.

"Huu moshi ni wa nani?"

"Wake. Kila mwezi alikifukiza."

"Huenda ulikuwa unafukuza wadudu. Au huenda ndio uliokausha mti ukapasuka. Sijui."

"Na wewe hujui?"

"Kama ningejua nisingekuja, mzee wangu. Siusugui. Nitaupima kwanza."

Gari lilipokuwa tayari, Daktari Ikram alirudi na kile kipima cha zamani mkononi, akasimama mlangoni kama mtu anayekwenda kuomba mbegu kwa aliyevuna vibaya. Alisema takwimu zile hatazitupa. Vipimo vya nyumba anamoishi mtu, nyumba ambamo vitu hivi vilikaa kabla ya kuletwa makumbusho, hakuna aliyekuwa navyo, na yeye sasa anavyo kwa bahati mbaya ya watu wawili. Anaomba ruhusa ya kuvitumia. Anaomba pia, kama haitakuwa kumkosea, kifaa kirudi nyumbani kwa Rogasian kwa mwaka mwingine, sasa kwa kujulikana.

"Nifanye nini nacho?"

"Usifanye chochote. Weka palepale, uishi kama kawaida."

"Kawaida ipi, daktari?"

 "Utaniambia wewe," alisema Daktari Ikram, akampa kifaa kwa mikono miwili. Kisha gari likaondoka na ekyanzi kimefungwa mkanda wa kiti kama abiria.

Rogasian alifika nyumbani jua bado lipo. Aliweka kifaa juu ya redio. Kisha akaenda jikoni, akasukuma mlango uliokuwa umevimba na mvua za masika. Kuni zilikuwa palepale. Ndizi alikata shambani, zile za karibu na pale mkewe alipoangukia, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimekomaa. Akawasha moto. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa na kiota cha ndege, hakulijua hilo, na moshi wote ukatokea chini ya mabati kama nyumba inayoungua.

Muzamil alikuja mbio na ndoo ya maji, kanzu ameikunja kiunoni.

"Mzee Roga! Uko wapi?"

"Huku. Napika."

Muzamil aliingia akikohoa, akatazama sufuria, akatazama ndoo yake. "Unapika au unachoma nyumba?"

"Napika."

"Leo kuna nini?"

"Daktari kasema niishi kama kawaida."

Muzamil akaweka ndoo chini. Hakuuliza zaidi, mtu aliyekuja kuzima moto akakuta ndizi huwa anakaa. Walifungua madirisha, wakakaa sebuleni na sahani magotini, moshi ukipita kati yao kutafuta njia. Juu ya redio kitaa cha kijani kilikuwa kikikonyeza.

"Hicho kidude kinatuandika?"

"Kinatuandika."

Muzamil alitia tonge mdomoni, akatafuna, akasita. "Basi kiandike kwamba hazina chumvi."

Rogasian alikuwa amekwisha kula nusu sahani. Aliitazama. "Hazina?"

"Hata chembe, mzee wangu. Ngoja nikuletee ya dukani."

Akatoka. Rogasian hakumngoja. Alinyoosha mkono akachukua ndizi nyingine, akala, akachukua nyingine, kwa sababu zilikuwa za moto.